Miche Aliyoiacha Mama

6 Mei

Mwanangu Nukta,

Barua yako nimeipata. Usinilaumu kwamba sipokei simu. Masikio yangu unayajua. Kwenye simu sauti yako inakuja kama nyuki aliyefungiwa ndani ya kopo, nami naishia kusema ndiyo, ndiyo, bila kujua nimekubali nini. Tuandikiane tu. Kwenye karatasi nakusikia vizuri.

Uliniambia nisihangaike na bustani ya mama yako, kwa kuwa mwisho wa kiangazi utakuja kunichukua na nyumba tutamrudishia mwenyewe. Nilikubali na bado nimekubali. Mvua zilipokatika nikaacha magugu yajiotee yanavyotaka. Lakini juzi nilikwenda kule kibandani kutafuta gundi, nikayakuta masinia yake ya mbegu dirishani, nyuma ya magunia. Alikuwa ameshapanda, Nukta. Lazima ilikuwa kabla hajalala kitandani kabisa. Paa linavuja pale, kwa hiyo yale masinia yamekuwa yakipata maji bila mtu kujua. Kuna miche mirefu, myembamba, imeinama yote upande wa kioo kama watu wanaochungulia ugomvi wa jirani. Mingine imekauka. Iliyobaki ni mizima.

Mimi ni fundi wa makochi. Mmea nimeuzoea ukiwa ndani ya sahani. Sijui upi ni wa nyanya na upi ni wa pilipili. Nimesimama pale kibandani hadi miguu ikafa ganzi. Mama yako alizalisha watoto wa mtaa huu karibu wote, halafu hawa wake wa mwisho nimeachiwa mimi nisiyejua hata kumshika mtoto mchanga.

Nifanye nini?

Halafu, umesikia lolote kuhusu mdogo wako?

Baba yako

13 Mei

Shikamoo Baba,

Sugua jani kwa vidole, kisha unuse. La nyanya litakuachia harufu kali na rangi ya kijani mkononi, ile harufu ya nguo za mama za shambani. La pilipili halinuki kitu. Ukihamisha miche, hamisha jioni jua likishapoa, na mche wa nyanya uzike hadi karibu na majani ya kwanza. Mama alikuwa anasema shina lote linaloguswa na udongo litatoa mizizi. Usitie samadi mbichi, utaiunguza.

Lakini Baba, nakuandikia haya kwa sababu umeuliza, si kwa sababu nataka uyafanye. Una mgongo. Mwisho wa kiangazi hautakuwa hapo. Iache. Mimi kazini nimezama kwenye vitabu vya shule, lazima viende kiwandani kabla shule hazijafunguliwa. Kutwa nzima nasaka herufi zilizokaa mahali pasipo pake, na nikifunga macho naziona zinatembea. Siwezi kuja mapema zaidi ya tulivyopanga.

Kuhusu Msumari sijasikia, wala sitaki kusikia. Nilimpelekea habari kwamba mama anaumwa. Nikampelekea nyingine kwamba mama amefariki. Dereva wa lori, anayejua kila kichochoro cha dunia, akakosa njia ya kwao. Nilimwogesha mama peke yangu, nikamgeuza peke yangu, na siku ya kumzika nilikuwa naangalia barabara kama mjinga. Kwangu huyo hayupo. Naomba tusimtaje.

Mwanao,
Nukta

27 Mei

Mwanangu Nukta,

Miche iko ardhini. Tulichimba matuta kandokando ya ukuta ambako jua linafika mapema, tukachanganya mboji ya lile pipa la mama yako, tukaizika miche jioni kama ulivyosema. Siku ya kwanza yote ilinyong'onyea, nikadhani nimeua. Siku ya pili ikasimama. Sasa ina vigingi, na tumeifunga kwa vipande vya kitambaa vilivyobaki kwenye kochi la daktari wa meno, kile cha maua mekundu. Bustani nzima inaonekana kama imealikwa harusini.

Maharage yaliyojiotea yenyewe yalivamiwa na vidukari, tukawaosha kwa maji ya sabuni. Konokono tunawaokota asubuhi na kuwapeleka mbali, maana mimi kuwaua siwezi. Mzabibu tumeupunguza matawi. Mtini nao una matunda madogo magumu kama vifungo vya koti. Kazi ikiisha tunakaa kwenye ngazi ya nyuma na chai, tukiangalia tu. Sikujua kwamba kuangalia nako ni kazi.

Mgongo wangu hauna neno. Kula vizuri, usiwe unakunywa chai tu ukaita chakula.

Baba yako

2 Juni

Shikamoo Baba,

Unajua kazi ninayofanya, kwa hiyo usikasirike. Katika barua yako ya kwanza uliandika nilikwenda, nikayakuta, nimesimama. Katika hii umeandika tulichimba, tukachanganya, tumeifunga, tunakaa. Baba, wewe na nani?

Nimeisoma mezani kwangu ofisini, nikaenda kunawa uso, nikarudi nikaisoma tena. Nadhani nimeelewa. Ni mwalimu wa hapo jirani, siyo? Tangu msiba alikuwa anakuja na vyungu vya chakula kila mara, na siku moja nilimkuta anakupangia dawa zako kwenye dirisha, nikanuna. Sitanuna tena. Nilipoona ule mstari wa ngazi na chai nilipata uchungu, siwezi kukuficha, maana ngazi ile ilikuwa ya mama. Lakini nimelala nao, nimeamka nao, na nimeona kwamba ni bora uwe na mtu wa kukaa naye kuliko kukaa na ukuta. Yeye ni mjane, wewe ni mgane, hakuna aliyemwibia mtu.

Ila usinifiche, Baba. Ukinificha nahisi kama nimekuwa askari wa nyumba yako. Msalimie sana. Mwambie asikuruhusu kubeba ndoo.

Mwanao,
Nukta

8 Juni

Mwanangu Nukta,

Niliposoma barua yako nilicheka hadi kikohozi kikanishika. Mwalimu ana paka wake na redio yake na hanihitaji mimi kwa lolote. Halafu nikaacha kucheka, kwa sababu ulikuwa umejikaza kuniandikia maneno mazuri kuhusu jambo ambalo halipo, na jambo lililopo nimekuficha.

Ni Msumari.

Alifika siku chache baada ya barua yangu ya kwanza. Nilitoka kufungua lango la nyuma, nikamkuta amesimama na begi, amekonda zaidi ya lile jina lake. Aliona yale masinia niliyokuwa nimeyatoa juani, akavua viatu, akaanza kung'oa magugu. Barua yako ilipofika alikuwa mezani anakula. Aliniuliza, “Dada anasemaje?” Nikausoma ule mstari wa kwamba kwako hayupo, nikakunja karatasi, nikamwambia dada yako anasema miche ihamishwe jioni. Huo ndio uongo wangu.

Sasa nikuambie aliyoniambia. Tulikuwa tunachimba, kila mtu kampa mwenzake mgongo, akaanza kusema akiangalia udongo. Na masikio yangu haya, sikumsikia. Nikamwambia arudie. Akarudia. Nikamwambia pandisha sauti. Basi ilibidi aligeukie sikio langu zuri na kuyasema kwa sauti ya kuita lori linalorudi nyuma. Mwalimu kule ng'ambo ya ukuta alizima redio.

Alikuja, Nukta. Habari ilimkuta mbali, akaendesha bila kulala, akafika mazishi yameshapita. Alifika hadi langoni. Uani kulikuwa na mtu anafagia, amevaa aproni ya bluu, ameinama na mkono mmoja kiunoni. Anasema moyo wake ulipaa. Alidhani walikosea kumpa habari, kwamba mama yake ndiye yule, mzima. Akataka kuita. Kisha ukageuka, na ulikuwa wewe. Anasema alishindwa kuvuka lango. Akarudi kwenye lori.

Simtetei. Nakueleza tu nilichosikia, na nimekisikia vizuri.

Baba yako

12 Juni

Baba,

Nimesoma.

Siku ile naikumbuka. Nilikuwa nimevaa aproni ya mama kwa sababu nguo zangu zote zilikuwa chafu na hakukuwa na mtu mwingine wa kufagia. Yeye aliona mgongo wangu akashindwa, akaondoka. Mimi nami niliona mengi nikashindwa, lakini sikuwa na lori.

Sina la kumwambia. Kaa naye, ni mwanao, siwezi kukukataza. Usiniandikie tu habari zake.

Chumba chako nimekipaka rangi.

Nukta

28 Juni

Dada,

Baba hajui kama naandika. Najua hutaki, lakini usiitupe hii kabla hujafika kwenye nyanya.

Zilikuwa vizuri. Mimi mwenyewe nilikuwa nikipita nazihesabu kama mizigo. Sasa matunda ya kwanza, yakiwa mabichi bado, yanatokewa na doa la maji kwenye kitako. Doa linakuwa jeusi, linazama, linakuwa gumu kama ngozi. Ukilitazama tunda kutoka juu ni zima kabisa, halina kasoro. Ukiligeuza chini ndiyo unaona. Majani hayana ugonjwa, nimeyaangalia moja moja. Mwalimu amesoma mahali kwamba tung'oe mashina yote tuyachome. Baba amechukua kiti amekaa mbele ya lile tuta. Jana alikaa hadi chai ikapoa, na leo nimemkuta amekaa tena.

Nimeuliza watu sokoni, kila mtu ana dawa yake. Mama alikuwa anafanya nini? Mimi nilipokuwa nyumbani nilikuwa napanda juu ya mtini tu kuiba matunda. Wewe ndiye uliyekuwa naye kwenye matuta.

Lile jingine siandiki. Haliwezi kukaa ndani ya bahasha.

Msumari

3 Julai

Msumari,

Usichome kitu. Mwambie mwalimu, kwa heshima, kwamba huo si ugonjwa wa kuambukiza.

Nyanya zinaoza kitako kwa sababu ya maji. Si kwamba hazipati. Zinapata vibaya. Nakufahamu. Unafungua mpira unafurikisha tuta lote, unaridhika, halafu unakaa siku kadhaa unafanya mengine hadi ardhi inapasuka, ndipo unakumbuka na kufurikisha tena. Mmea unashindwa kujua leo ni shibe au njaa. Ukikosa mpangilio, chakula hakifiki mwisho wa tunda, na mwisho wa tunda ni kitako.

Fanya hivi. Toa yote yaliyooza, usiyaonee huruma, yanakula nguvu za mengine. Mwagilia asubuhi, kiasi, kwenye shina, si kwenye majani, na usiruke siku. Tandaza nyasi kavu kuzunguka mashina, unene wa kiganja, udongo usione jua. Mama pia alikuwa anasaga maganda ya mayai na kuyafukia. Sijui kama yalisaidia nyanya, lakini yalimsaidia yeye kungoja.

Matunda yajayo yatakuwa mazuri. Mwambie Baba hivyo, mbele ya sikio la kulia. Mtoe kwenye hicho kiti, mpe kazi ya kukata nyasi.

Hii ni barua ya nyanya tu.

Nukta

14 Julai

Mwanangu Nukta,

Leo nimekula nyanya. Nimeikata kwa kisu cha ngozi, nikatia chumvi, nikaila nimesimama pale pale, na maji yake yakanitiririka hadi kwenye kiwiko. Kitako chake kilikuwa safi kama cha mtoto aliyetoka kuoga. Msumari alikataa kuonja kabla yangu. Tulipomaliza alikwenda nyuma ya kibanda akakaa huko kidogo, nami nikajifanya nakagua maharage.

Najua kwamba mliandikiana. Alinionyesha barua yako. Anaiweka kwenye mfuko wa shati na kuitoa kila asubuhi kabla ya kufungua mpira, kama daktari anayesoma cheti cha mgonjwa.

Ulinikataza habari zake, lakini hii ni yangu pia. Amepata kazi ya kuzungusha vinywaji madukani hapa hapa mjini. Anatoka asubuhi akishamwagilia, anarudi jioni. Amekwenda kuonana na mwenye nyumba bila kuniambia, na mwenye nyumba amesema hana haraka nasi. Msumari ananiambia nibaki. Nukta, nataka kubaki. Nimelisema. Nilikuwa nimekubali kuondoka kwa sababu niliona hapa hakuna tena kitu kinachonisubiri kila asubuhi.

Lakini kuna jambo lilinipita, na nimelirudia mara nyingi. Uliniandikia kwamba umepaka chumba rangi. Nilidhani unanichukua kwa sababu unaogopa nitaanguka bafuni. Mimi nimevisha makochi ya watu miaka mingi, namjua mtu anayetengenezesha kiti cha wageni na namjua mtu anayetengenezesha kiti cha mtu wake. Wa kiti cha wageni huuliza kitambaa gani hakichafuki. Umepaka rangi gani? Nani mwingine anaingia humo ndani? Nijibu kweli, kama ulivyonitaka mimi nikujibu.

Baba yako

19 Julai

Shikamoo Baba,

Nimepaka kijani hafifu, ile ya jani changa la mzabibu. Nilichanganya mwenyewe, ikanichukua Jumapili nzima. Kitanda nimekiweka karibu na dirisha kwa sababu najua unapenda kuona watu wanaopita. Hakuna mwingine anayeingia humo ndani.

Umeuliza kweli, basi nakupa. Tangu nirudi kutoka kumzika mama, jioni nikifungua mlango nasema hodi. Kwenye nyumba yangu mwenyewe, Baba. Nasema hodi, nasubiri kidogo, halafu naingia na kuwasha taa. Nilikuwa nawaambia watu kazini kwamba baba yangu hawezi kukaa peke yake. Walikuwa wananihurumia kwa mzigo. Sikuwa nabeba mzigo wowote. Nilikuwa nangoja mtu wa kuniambia karibu.

Ulipoandika kwamba unataka kubaki nilikaa na barua yako muda mrefu. Nilitafuta sababu za kukukatalia, na nilizipata, nzuri tu: ngazi, dawa, majira ya baridi. Lakini mimi nasahihisha maandishi ya watu. Najua sentensi iliyoandikwa ili isikike vizuri na sentensi ya kweli. Yako ilikuwa ya kweli.

Baki. Bustani ikiwa inakusubiri asubuhi, mimi siwezi kushindana nayo kwa ghorofa yangu ya tatu.

Ila njoo unitembelee kabla joto halijazidi. Kaa siku utakazoweza. Nyanya zitakuwa na mtu wa kuziangalia. Njoo ukilalie kile kitanda, ili nikitazama kile chumba nijue kimewahi kukaliwa.

Mwanao,
Nukta

30 Julai

Msumari,

Baba amefika salama. Kreti zima la nyanya amelipakata njiani, hakukubali kondakta aliweke chini. Alipoingia tu alizipanga nyanya zote juu ya kitanda chake, kwenye shuka jipya, zilizoiva upande huu na za kungoja upande ule, kisha akauliza yeye atalala wapi. Nusu nimewapelekea majirani zangu. Kuna familia mlango wa pili, tumesalimiana mwaka mzima bila kujuana. Leo mama wa hapo ameingia, amekaa, amezungumza na Baba kwa kupiga kelele hadi nikafunga madirisha. Sasa hivi amelala. Ni mchana, pazia linapigwa na upepo, na ninamsikia akikoroma kutoka hapa ninapoandikia.

Amenieleza kwamba hujawahi kumuuliza jinsi mama alivyokufa. Anasema unalizunguka. Mimi nilifikiri hutaki kujua. Sasa nadhani uliona huna haki ya kuuliza. Sijakusamehe yote, na sitaandika hapa kwamba nimekusamehe, kwa sababu siku za kumgeuza na kumnywesha bado ninazo mwilini. Labda ukija, au nikija, tutagombana kwanza. Ni sawa. Lakini ile asubuhi yake ya mwisho ni yako kama ilivyo yangu, na nimekaa nayo peke yangu mno.

Alfajiri aliniamsha kwa kugonga kikombe. Hakuwa na maumivu, uso wake ulikuwa umetulia. Akaniambia nifungue dirisha. Nikafungua. Akanusa. Najua ungependa nikuandikie kwamba alikutaja. Hakukutaja. Wala Baba hakumtaja, wala mimi hakuniita kwa jina. Aliniuliza kama mvua ilinyesha usiku.

Haikunyesha, Msumari. Hewa ilikuwa kavu, vumbi tupu. Nikamwambia ndiyo, imenyesha sana, kila kitu kimelowa.

Akasema, “Afadhali. Basi leo mtu asihangaike kumwagilia. Kaa hapa.”

Nikakaa. Alinishika mkono, na jua lilipofika kwenye ukuta alikuwa ameshaondoka. Sijamwambia mtu, hata Baba. Yeye alikuwa kwa jirani akitafuta barafu.

Nimeandika. Nakwenda kumwandalia Baba chai kabla hajaamka.

Dada yako